Mdogo wangu alimlinda mfungwa aliyetoroka hospitalini: tukikata rufaa, watamwongezea kifungo?

«Maître, jambo. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu ni mlinzi wa gereza, raia, si polisi wala mwanajeshi. Walimpa mfungwa mgonjwa amsindikize hospitalini na abaki naye. Siku ya pili asubuhi mke wa yule mfungwa alimtumia mdogo wangu 50,000 FC kwa simu. Mdogo wangu anasema zilikuwa za dawa, na kweli dawa alizinunua. Mchana mfungwa akaomba kwenda chooni. Mdogo wangu akamfungua pingu, halafu akatoka kidogo hadi kwenye lango kununua mkate na unite za simu. Aliporudi, dirisha la choo lilikuwa wazi, mtu hayuko. Ni yeye mwenyewe aliyewapigia simu wakubwa wake. Walimkamata siku ile ile. Sasa tribinali imempa miaka 3 na faini, wanasema alikula njama na mfungwa. Leo ni siku ya sita tangu hukumu isomwe. Wengine wanatuambia tukifanya apeli watamwongezea. Wengine wanasema tuna siku 15. Jirani anasema afadhali tumwone mtu wa parke, ofisi ya waendesha mashtaka, tukiwa na kitu mkononi. Mimi ni dada yake mkubwa: naweza kusaini mahali pake? Na yule mfungwa akikamatwa, si kesi itakwisha? Mama yetu halali usiku.»

Mama, pole sana, na umpelekee pole mama yenu. Kwa kuwa siku zilikuwa zinakimbia, nilikujibu kwanza kwa ujumbe wa maneno machache: kesho asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, rufaa iandikwe. Sasa nakujibu kwa urefu, maana swali lako linazifikia nyumba nyingi, na majibu mnayopewa njiani yanaweza kumgharimu kijana huyo miaka.

Umeuliza mambo matano, lakini nyuma yake naona hofu moja: kwamba akijitetea mara ya pili atakuwa anajichimbia shimo. Hofu hiyo naielewa. Nitairudia, ila tuanze na saa inayokimbia, kwa sababu siku zikipita, mengine yote niliyoandika hapa hayatamsaidia.

Siku ni 10, si 15. Ndivyo inavyosema dekre ya 6 Agosti 1959 inayoongoza mwenendo wa kesi za jinai hapa kwetu Kongo: siku 10 baada ya hukumu kusomwa, kwa mtu ambaye alifika na kujitetea mbele ya tribinali. Kama kesi iliamuliwa bila yeye kuwepo, hesabu huanza siku alipokabidhiwa karatasi ya hukumu, na hapo kuna hata njia nyingine inayoitwa opozisyo, ya kurudi mbele ya tribinali ile ile. Lakini mdogo wako alikuwepo, kwa hiyo tuhesabu tangu siku ya kusomwa. Jumapili zinahesabiwa. Sikukuu zinahesabiwa. Mimi huwaambia wateja wahesabu siku ya hukumu yenyewe kuwa ya kwanza, hata kama sheria haiwabani hivyo, ili wasije wakabishana na karani saa tisa na nusu mchana wa siku ya mwisho. Na kama hawakumleta tribinali kutoka gerezani siku hukumu iliposomwa, msijengee matumaini juu ya hilo. Andikeni rufaa kana kwamba alikuwa amesimama pale.

Hapa nakushukuru kwa neno moja uliloandika bila kuulizwa, kwamba mdogo wako si polisi wala mwanajeshi. Neno hilo ni kubwa. Lango la nje la gereza mara nyingi hulindwa na polisi au askari, na hao wanahukumiwa na tribinali za kijeshi, kwa sheria namba 023/2002 ya 18 Novemba 2002. Kule muda wa rufaa ni siku 5 tu. Nimeona mke wa polisi amekaa nyumbani kwa utulivu akihesabu siku 10 alizosikia kwa jirani, na siku ya sita mlango ulikuwa umeshafungwa. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na ndugu yako anavaa gwanda, usihesabu kwa vidole vya mwingine.

Je, unaweza kusaini mahali pake? Hapana, Mama. Udada haukupi haki ya kukata rufaa kwa jina lake. Rufaa ni yake mwenyewe. Anaweza kuitamka gerezani mbele ya mkuu wa gereza, ikaandikwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikapelekwa grefe, yaani ofisi ya karani wa tribinali. Au avoka (wakili) wake aende grefe ya tribinali iliyomhukumu, au grefe ya tribinali itakayosikiliza rufaa, akiwa na prokirasyo maalumu, karatasi ya kumpa mamlaka, iliyosainiwa na mdogo wako kwa mkono wake, inayotaja kwa jina rufaa hii na hukumu hii. Sipendi kuona avoka anakwenda mikono mitupu akitegemea kanzu yake. Rufaa nyingi zimekataliwa juu ya karatasi hiyo moja tu. Kazi yako wewe ni miguu: kuipeleka prokirasyo gerezani, kuirudisha, na kusimama pale hadi upewe nakala ya tamko la rufaa yenye tarehe na muhuri. Usiondoke na ahadi ya mdomo.

Nasema hivi kwa sababu ya familia moja iliyonijia miaka iliyopita. Walikuwa na kila kitu: mashahidi, picha, barua. Walikuwa wamefika kwenye ofisi inayohusika siku ya nane, wakaambiwa karani amesafiri, warudi wiki ijayo. Wakarudi wiki ijayo. Ilikuwa siku ya 13. Mzee wao alinitandikia karatasi zote mezani moja baada ya nyingine, akiangalia uso wangu kila alipoweka moja, na mimi nilijua kwamba hakuna hata moja itakayofunguliwa. Wangeweza kwenda siku ile ya nane kwenye grefe ya tribinali ya juu. Hakuna aliyewaambia.

Sasa hofu yako. Tribinali ya juu inaweza kumwongezea? Kama ni yeye peke yake aliyekata rufaa, hapana. Rufaa ya mshtakiwa peke yake haiwezi kugeuka mjeledi wa kumpigia. Miaka 3 ndiyo dari. Ila lazima nikwambie upande wa pili, maana wengi husikia nusu hii wakashangilia. Parke nayo ina haki ya rufaa. Mwendesha mashtaka aliyekuwa kwenye kesi ana siku 10 kama nyinyi, na parke iliyo karibu na tribinali ya juu ina miezi 3 tangu hukumu isomwe. Wakikata wao, wakisema kifungo ni kidogo, ile dari inaondoka. Lakini angalia vizuri: wanaweza kukata hata kama nyinyi hamkukata. Kunyamaza kwenu hakuwafungi mikono. Anayekaa kimya kwa kuogopa kuongezewa anaweza kujikuta mbele ya majaji wa juu hata hivyo, na huko atakuwa anajibu rufaa ya wengine, hana yake ya kuomba apunguziwe. Kwa hiyo siku ya 11 rudi grefe, uulize kwa adabu: nani mwingine amekata rufaa katika kesi hii? Utaonyeshwa. Namba ya kesi iko juu ya karatasi, inaanza na RP. Ile inayoanza na RMP ni ya parke. Ziandike zote mbili kwenye daftari, utaulizwa kila mahali.

Hapo ndipo mlango unafunguka. Ndani yake kuna nini? Tuingie, kwa sababu hapa ndipo kesi ya mdogo wako ilipo.

Sheria yetu ya adhabu, mfungwa anapotoroka, inaangalia wale waliopewa kazi ya kumlinda na kuwauliza swali moja: ulizembea, au ulikubaliana naye? Kwenye karatasi ya hukumu utayakuta maneno hayo kwa Kifaransa: négligence, na connivence. Yanaonekana kama majirani. Hayako hivyo. La kwanza ni mtu aliyefunga mlango vibaya. La pili ni mtu aliyeuacha wazi makusudi ili mwingine apite. Mlango ni uleule, aliyepita ni yuleyule, na huenda hata dakika ni zilezile. Tofauti yote iko kichwani mwa mlinzi: alijua kwamba mfungwa atatoka, na alitaka hivyo? Na kwa kuwa tofauti iko kichwani, ambako hakuna shahidi aliyewahi kuingia, jaji analazimika kuijenga kwa vitu vya nje: maneno, simu, pesa, saa, mwenendo wa mtu kabla na baada. Adhabu nazo ziko mbali. Njama ina adhabu nzito zaidi sana kuliko uzembe, na kwa uzembe sheria inamruhusu jaji kutoa faini tu bila kifungo.

Kwa nini majaji wa hapa kwetu wanaona njama haraka? Nadhani mji huu unakumbuka. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza letu la Kasapa mchana kweupe, na karibu wafungwa 1,000 wakatoka, pamoja na Gédéon Kyungu Mutanga aliyekuwa amehukumiwa kifo mwaka 2009. Tangu siku ile, ukitaja kutoroka mbele ya tribinali ya Lubumbashi, watu wanakaa sawa kwenye viti. Kila mara kunakuwa na swali: nani ndani aliwafungulia? Swali hilo ni halali. Lakini haliwezi kujibiwa kwa kumshika aliye karibu. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema jukumu la jinai ni la mtu mmoja mmoja, na hakuna anayehukumiwa kwa tendo la mwingine. Mdogo wako hajibu kwa ajili ya 2011.

Haya, tumwangalie yeye. Nikiwa mkweli kwako, ana mambo mawili mabaya na mawili mazuri.

Baya la kwanza ni pingu. Alimfungua mfungwa halafu akamwacha peke yake. Hata kama chooni mtu hafungwi pingu kwenye bomba, mlinzi anabaki mlangoni. Mkate ungengoja. Sitaki avoka yeyote awaahidi kwamba majaji watapita juu ya hilo wakatabasamu. Baya la pili ni 50,000 FC. Ziliingia asubuhi, mtu akatoroka mchana. Kwa jaji anayesoma faili haraka, saa hizo mbili zinashikana zenyewe kama sumaku.

Lakini zuri la kwanza ni kwamba ni yeye aliyepiga simu. Aliyekula njama humpa mwenzake muda. Husubiri saa mbili, tatu, hadi mtu avuke barabara kubwa na kuingia basi. Mdogo wako alipiga baada ya muda gani? Dakika 10? Dakika 40? Simu yake inajua. Ombeni orodha ya simu zilizopigwa siku ile, na mtafute nani alipokea. Jambo hilo moja, likiwekwa wazi na dakika zake, lina uzito kuliko majirani 20 wanaokuja kusema kijana huyu ni mpole na anasali kila Jumapili.

Zuri la pili liko ndani ya baya la pili. Pesa ile ilikwenda wapi? Unaniambia alinunua dawa. Basi kuna famasi, kuna risiti, kuna ordonasi ya daktari ya asubuhi ile. Chukua ujumbe wa simu unaosema pesa imeingia, uone saa. Chukua risiti ya famasi, uone saa na jumla. Tuseme ujumbe unasema saa tatu na dakika 12, na risiti inasema saa nne kasoro, dawa za 46,000 FC, kwa jina la mgonjwa. Hapo zimebaki 4,000 FC, na jaji yeyote aliyewahi kumpeleka mgonjwa hospitalini Lubumbashi anajua kwamba familia ndiyo inayonunua hata sindano, na kwamba mfungwa hana simu, kwa hiyo pesa inapitia kwa anayemlinda. Si desturi nzuri, lakini ndiyo iliyopo. Kama risiti imepotea, rudini famasi. Wengine wanaandika kwenye daftari. Na kama risiti haikulingana, kama dawa zilikuwa za 8,000 na 42,000 hazijulikani zilikokwenda, mwambie avoka wako mapema, faraghani. Usiache aambiwe na parke mbele ya majaji.

Wengi hawajui kwamba rufaa si kuandika barua ya malalamiko juu ya jaji wa kwanza. Kesi inasikilizwa upya, mambo yenyewe na sheria. Majaji wa juu wanaweza kupokea karatasi ambayo haikuonekana mara ya kwanza, wanaweza kumwita mfamasia, nesi wa zamu, mke wa yule mfungwa. Risiti iliyosahaulika nyumbani ndani ya Biblia bado inaweza kufika mezani. Nafasi hiyo ni ya mara hii tu. Baadaye kuna kasasyo, Kinshasa, siku 40, lakini Mahakama ya Kasasyo haiulizi tena dawa zilikuwa za bei gani. Inauliza tu kama sheria ilifuatwa.

Basi chukueni nakala nzima ya hukumu, si muhtasari. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe na itoe sababu, na inamhakikishia kila mtu haki ya kukata rufaa. Kaeni na avoka, mtafute aya moja: ile ambamo jaji anatoka kwenye «aliondoka mlangoni» na kufika kwenye «alikubaliana na mfungwa». Kuna daraja kati ya maneno hayo mawili? Ameeleza lini walikubaliana, wapi, kwa simu gani, kwa bei gani? Au ameruka? Kama ameruka, rufaa yenu iko pale, kwenye mruko huo, na huhitaji kurasa 30. Shaka ikibaki inamfaidia mshtakiwa. Hiyo ni kanuni, hatuiombi kama huruma.

Muangalie pia karatasi ya mahojiano ya kwanza, PV. Iliandikwa kwa Kifaransa, najua. Alisomewa kwa Kiswahili kabla ya kusaini? Alikuwa amekaa ndani muda gani? Katiba, kifungu cha 18, inataka mtu aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na kukaa mikononi mwa polisi kusizidi saa 48. Nimesoma PV ambamo mtu aliambiwa «ulimwachia aende?» akajibu «ndiyo, nilimwachia aende chooni», na karatasi ikaandika ndiyo peke yake. Kama jambo la namna hiyo limo, lisemwe. Na kama alipigwa, lisemwe siku ya kwanza, na daktari amwone.

Kwa hiyo niombe nini, utaniuliza. Mimi ningeomba mambo matatu kwa ngazi. Kwanza aachiliwe kabisa kwa shtaka la njama. Pili, kama majaji wanaona kuna kosa, waliite kwa jina lake, uzembe, na wampe adhabu ya uzembe. Tatu, kwa vyovyote, wahesabu mambo yanayopunguza: kwamba hajawahi kuhukumiwa, kwamba alitoa taarifa mwenyewe, kwamba alitumwa peke yake usiku na mchana na mtu asiye na mwenzake hawezi kwenda chooni wala kula bila kumwacha mfungwa. Magereza yetu yanaishi hivyo. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500 na limeshikilia zaidi ya 10,000. Walinzi wa nchi hii hawajawahi kuongezeka kwa mwendo huo. Sheria inamruhusu jaji kushusha kifungo kwa kadiri anavyoona, mradi azitaje sababu hizo moja moja katika hukumu. Na kifungo kikishuka hadi mwaka mmoja au chini, kwa mtu asiye na rekodi, mlango wa sirsi unafunguka: kifungo kinasimamishwa, anarudi nyumbani kwa masharti.

Nisikufiche ninavyoona. Kuachiliwa bila kosa lolote si jambo ninalolitegemea hapa, kwa sababu ya zile pingu. Kubadilishwa kutoka njama kwenda uzembe, hilo naliona, kama karatasi za famasi na simu ziko. Na anapaswa kujiandaa kusema sentensi ambayo walinzi wengi hawataki kuisema: «Ndiyo, nilikosea kuondoka mlangoni. Sikujua atatoroka na sikukubaliana naye.» Akikataa hata la kwanza, majaji hawatamwamini la pili.

Kuna watu watakaokuambia: usikate rufaa, ngoja tu. Wana sababu yao, nisiwadharau. Aliyehukumiwa kwa mwisho anaweza kupewa uhuru wa masharti akishamaliza robo ya kifungo, mradi amekaa zaidi ya miezi 3. Robo ya miaka 3 ni miezi 9. Rufaa nayo inaweza kuchelewa, na anayengoja rufaa bado hajahukumiwa kwa mwisho, kwa hiyo mlango huo wa robo haumhusu bado. Lakini ile robo si haki ya kudai kaunta. Ni uamuzi wa waziri wa sheria, na faili zinaweza kulala. Halafu mdogo wako atatoka akiwa na neno njama juu ya jina lake, na kazi ya serikali haitamrudia. Mimi ningekata rufaa. Rufaa unaweza kuiondoa baadaye ukiona haina faida. Siku 10 zilizopita huwezi kuzirudisha. Siku zote alizokaa ndani kabla hukumu haijawa ya mwisho zitahesabiwa nzima katika kifungo, kwa hiyo hazipotei.

Atatoka akingoja? Kwa kawaida rufaa inasimamisha utekelezaji wa hukumu, lakini aliyekuwa ndani siku ya hukumu anabaki ndani. Avoka anaweza kuomba uhuru wa muda mbele ya majaji wa rufaa. Onyesheni anwani, mtu wa kumdhamini, kwamba hana pa kukimbilia. Kwa shtaka linalohusu kutoroka, ombi hilo ni zito, ijapokuwa si yeye aliyetoroka. Liombeni, msilitegemee.

Sasa jirani yako na kitu chake mkononi. Mama, hapa nakuomba kwa moyo wote: usifanye. Anayetoa hongo ana kosa sawa na anayepokea, na mimi sitaki kesho niwatetee wawili. Na fikiria: kesi nzima ya mdogo wako ni 50,000 FC zilizopita mkononi bila maelezo yanayoaminika. Ukiongeza pesa nyingine isiyo na risiti, unamthibitishia kila mtu kwamba kwenu mambo hufanywa hivyo. Gharama halali za grefe zipo, na zina risiti. Omba risiti hata kama wanakukunjia uso. Msipoweza, kuna cheti cha uhitaji mnachokiomba kwa ofisi ya mambo ya jamii.

Na yule mfungwa akikamatwa? Kwa shtaka la njama, kukamatwa kwake hakufuti hukumu. Lakini kunaweza kuibadilisha. Yeye ndiye mtu wa pili katika mapatano yanayodaiwa. Akisema mbele ya jaji kwamba alilipima dirisha lile tangu usiku na mlinzi hakujua, hilo ni kubwa. Akisema kinyume, ni kubwa pia, ndiyo maana avoka anapaswa kumuuliza maswali mwenyewe mbele ya majaji. Msitume mtu kwenda kuongea naye wala na mke wake juu ya atakachosema. Mke huyo mnaweza kumwomba jambo moja tu: afike mbele ya majaji, aeleze alituma pesa za nini.

Mengine siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Yanataka mtu aliyekaa mbele ya faili. Kama hamna avoka, nendeni Baro ya Haut-Katanga hapa mjini, muulize ofisi ya ushauri wa bure. Inahudumia wasio na uwezo, na mseme tangu mlangoni kwamba siku zinaisha, wasiwapange kwa wiki ijayo. Kama hukumu imetoka Tribinali ya Amani, ile tunayoiita Tripaix, rufaa inakwenda Tribinali Kuu. Kama imetoka Tribinali Kuu, inakwenda Mahakama ya Rufaa. Jina liko juu kabisa ya karatasi ya kwanza. Adhabu ya kazini ni faili nyingine, msiichanganye na hii. Barua yoyote ya mwajiri ipelekeni kwa avoka kabla ya kuijibu.

Kwa kesho, Mama: toka Katuba mapema, na kalamu mbili, na prokirasyo iwe imeshaandikwa kabla hujafika Kasapa, maana pale mlangoni hakuna pa kuandikia. Mdogo wako asaini na aandike tarehe kwa mkono wake. Mwambie atamke pia rufaa yake mbele ya mkuu wa gereza, hata kama avoka anakwenda grefe siku hiyo hiyo. Njia mbili hazigombani. Aseme anakata rufaa kwa hukumu yote, kosa na adhabu, asichague kipande. Halafu pitia famasi ukirudi.